Bundi Alilia, Mume Akafa Maji: Je, Mjane Huyu Ana Kisirani?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mwanamke wa Pemba, upande wa Konde, nina watoto watatu. Nimelelewa na bibi mzaa mama, Mungu amrehemu. Kwa bibi tulikatazwa mengi: kufagia usiku, kupiga mluzi usiku, kukalia kinu, kwenda kununua sindano au chumvi baada ya magharibi, na kuanza jambo lolote la maana ndani ya Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar. Bundi akilia juu ya paa, bibi alitupa chumvi motoni akasema "Pita na lako", na asubuhi alitoa sadaka. Mimi nimesoma, na chuoni nimehitimu. Najua haya hayana msingi. Lakini nikimsikia bundi moyo unanienda mbio kama nilivyokuwa mtoto.

Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano mume wangu alikwenda dagaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo bundi alilia juu ya mwembe wetu. Nilitaka kumwambia asiende, nikaona haya, kwani alikuwa akinicheka kwa mambo hayo. Chombo kilipinduka, akafa maji, na siku ya tatu tukamzika. Yeye ni mume wangu wa pili. Wa kwanza alifariki kwa maradhi. Mavyaa, yaani mama mkwe wangu, na shemeji walikwenda kwa mwalimu mmoja akapiga falaki kwa jina langu na la mama yangu, akasema nyota yangu inakula waume, nina kisirani, na nizinguliwe, yaani niaguliwe mkosi unitoke, kabla eda haijaisha, la sivyo niihame nyumba. Ameagiza kuku mweusi na fedha. Amewasomea na hadithi ya Mtume kwamba mkosi uko katika mwanamke. Sheikh, kunyamaza kwangu ndiko kulikomuua mume wangu? Huku kuogopa bundi ni shirki? Bibi yangu alikuwa mshirikina? Na hadithi hiyo ni ya kweli?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, awahifadhi wanao, na akupe wewe subira yenye malipo.

Maswali ya bundi, paka na kucha za usiku hunijia mara kwa mara, na mengi nayajibu kwa mistari miwili. Lako haliwezi, kwa sababu ndani yake mna mjane aliyekaa eda huku nyumba nzima inamtazama kama muuaji, na mna mtu anayejiita mwalimu aliyeichukua hadithi ya Mtume (s.a.w.) akaifanya rungu la kumpigia. Nitayajibu yote uliyouliza, ila kwa mpango wangu.

Naanza na hilo linalokunyima usingizi. Hukumuua mumeo, wala kunyamaza kwako hakukumuua. Baada ya vita vya Uhud, watu walisema maneno yayo hayo yanayozunguka kichwani mwako: lau wangalibaki, wasingalikufa. Likashuka jibu katika Sura Aal Imran, aya ya 154, kwamba hata mngalikuwa majumbani mwenu, wale walioandikiwa kufa wangalitoka wenyewe mpaka mahali pao pa kuangukia. Na aya ya 156 ikawakataza waumini wasiwe kama wale wanaosema juu ya ndugu zao waliosafiri, "Lau wangalikuwa kwetu wasingalikufa", kwani maneno hayo mwisho wake ni majuto yanayokaa moyoni tu. Mtume (s.a.w.) naye, katika Sahihi ya Muslim, amesema likikusibu jambo usiseme "lau ningalifanya hivi ingalikuwa vile", sema "Qaddarallahu wa maa shaa-a fa'al", yaani Mwenyezi Mungu amekadiria, na alitakalo hulifanya, maana "lau" inafungua kazi ya shetani.

Nadhani unajua mwenyewe "lau" yako inavyofanya kazi. Inangoja watoto walale. Inakurudisha mlangoni, mumeo anaokota taa yake na koti la mvua, bundi yuko mwembeni, na wewe umefunga mdomo. Unamwona anatoka tena. Kila usiku unasimama pale pale, na kila usiku hujamwambia. Hiyo si kumbukumbu ya mumeo, binti yangu, hiyo ni kazi ya shetani, na dawa yake ni kuikatisha kwa kauli ile uliyofundishwa kila inapoanza, hata kama kwa usiku mmoja utaisema mara 20. Na mumeo, inshaallah, ni miongoni mwa mashahidi, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amemtaja aliyekufa maji pamoja na mashahidi katika hadithi ya Bukhari na Muslim. Alitoka kuwatafutia watoto wake riziki ya halali. Muombee hivyo.

Sasa huo moyo unaokwenda mbio. Sahaba mmoja, Muawiya bin Al-Hakam As-Sulami, alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba wao wametoka karibuni katika ujahili, na miongoni mwao wapo watu wanaoamini ndege wa mkosi. Mtume hakumwambia kuwa watu hao wamekwisha toka katika dini. Alimwambia: hicho ni kitu wanachokiona vifuani mwao, basi kisiwazuie. Soma tena, kwa sababu ndani ya maneno hayo mafupi limo jibu lako lote. Kilichomo kifuani kimetajwa, kimeachwa. Kilichokatazwa ni kuzuiwa nacho. Na Abdullah bin Masud, alipoisimulia hadithi ya kwamba kuamini mkosi ni shirki, alifuatisha kwamba hakuna yeyote katika sisi ila hofu hiyo humpata, lakini Mwenyezi Mungu huiondoa hali hiyo kwa kumtegemea Yeye. Wanachuoni wa hadithi wameeleza kuwa maneno hayo ya mwisho ni yake Ibn Masud mwenyewe. Ni Ibn Masud huyo! Mmoja katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu Makka, aliyeisoma Qur'ani mbele ya Maquraishi wakampiga usoni. Naye alikuwa akimsikia yule ndege wa utotoni akipiga mbawa kifuani, basi wewe na mimi ni nani?

Kwa mizani hiyo, tazama ulichokifanya. Bundi alilia, moyo ukaruka, na mumeo akatoka kwenda kazini bila ya wewe kumzuia. Unasema ulinyamaza kwa haya. Iwe ni haya. Lakini kitu unachokihesabu kuwa kosa lako kubwa ndicho hasa Mtume (s.a.w.) alichokiamuru: kisiwazuie. Ungalimrudisha nyumbani kwa ajili ya ndege, hapo ndipo ningalikuwa na la kukulaumu.

Ama hukumu yenyewe, kwa ufupi, ni kwamba anayeamini kuwa bundi kwa nguvu zake analeta mauti, huyo amemfanyia Mwenyezi Mungu mshirika katika kuendesha ulimwengu, na hilo ni shirki kubwa. Anayeamini kuwa Mwenyezi Mungu ndiye anayefisha ila bundi ni alama, akaghairi safari au ndoa kwa sababu yake, hiyo ni shirki ndogo, na ni dhambi nzito ingawa haimtoi mtu katika Uislamu. Anayeingiwa na hofu akaendelea na jambo lake, hana dhambi, na kwa kule kupambana kwake anatarajiwa malipo. Wewe ni huyu wa mwisho.

Bibi yako? Mimi simhukumu mtu aliyekwisha kufika kwa Mola wake, na wewe usimhukumu. Alikufundisha aliyofundishwa. Kinywa kilichokwambia usikalie kinu ndicho kilichokufundisha Alhamdu, na hilo utamkuta nalo. Tena usidhani yote aliyokukataza yalikuwa upuuzi. Alipowaita ndani magharibi inapoingia, akafunga mlango na kufunika mitungi, alikuwa juu ya Sunna iliyo wazi: Bukhari na Muslim wamepokea amri ya kuwazuia watoto usiku unapoingia, kufunga milango na kufunika vyombo. Kufagia usiku kwa mwanga wa kibatari, na pete ya mtu au punje za mchele zimeanguka chini, nani angelipenda? Kukata kucha gizani kwa wembe, vivyo hivyo. Wazee mara nyingi waliipa tahadhari nzuri vazi la kutisha ili watoto watii. Ubaya ni kwamba mtoto anakua, umeme unaingia nyumbani, ufagio wa usiku hauna tena madhara yoyote, na lile vazi la kutisha limebaki limesimama peke yake. Sadaka aliyoitoa asubuhi, Mwenyezi Mungu akipenda, ameikubali kama sadaka. Chumvi ya motoni tunamuombea msamaha.

Nimefika kwa mwalimu, na hapa nitakuwa mkali, sitaki kujificha.

Kwanza hizo falaki zake. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii: huchukuliwa herufi za jina lako na la mama yako, kila herufi ikapewa thamani yake ya abjadi, zikajumlishwa, kisha jumla ikatolewa 12, 12, mpaka kibaki kisichotoleka, na hicho kinachobaki ndicho kinachoitwa nyota yako. Basi. Ni hesabu ambayo mwanangu wa darasa la tano anaiweza. Sasa mwulizeni: Pemba nzima wako akina Fatma wangapi ambao mama zao ni Asha? Wote hao wana nyota moja kwa hesabu yake, herufi kwa herufi. Waume zao wako wapi? Wengi wao jioni hii wako barazani wanakunywa kahawa. Nyota gani hii inayokula waume inapojisikia? Mtume (s.a.w.) amesema, katika Muslim, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza kitu, haikubaliwi sala yake siku 40. Shemeji yako na mavyaa wako wameacha kushughulikia hasara ya sala zao za siku 40, wanashughulikia kisirani chako.

Wenye fani hii wana kipande cha hadithi wanachokipenda, nacho kimo katika ile ile ya Muawiya bin Al-Hakam, kwamba palikuwa na nabii aliyekuwa akipiga mistari, basi atakayeafikiana na mstari wake, sawa. Wanaishia hapo. Hawakuambii kwamba wanachuoni wameifahamu kuwa ni katazo: nani amehakikisha kwamba mistari yake imeafikiana na ya nabii yule? Wala hawakusomei kwamba katika hadithi hiyo hiyo Sahaba aliambiwa kuhusu makuhani, "Usiwaendee."

Hoja nyingine inayozungushwa sana ni kwamba wanyama wanaona tusiyoyaona, kwa hivyo bundi ameona mauti yanakuja. Ni kweli imepokewa kwamba jogoo akiwika ameona malaika, tumuombe Mwenyezi Mungu fadhila zake, na punda akilia ameona shetani, tujilinde kwa Mola. Lakini hapo tumeambiwa tuombe dua, hatukuambiwa tuhesabu nani atakufa. Na bundi hakutajwa. Mambo ya ghaibu hayapimwi kwa kulinganisha ndege huyu na yule. Tunachukua kilichosemwa na tunasimama. Kama ni suala la kujua mauti, someni Sura Saba, aya ya 14. Nabii Sulaiman (a.s.) alikufa ameegemea fimbo yake, majini wako mbele yake wanafanya kazi ngumu, hawakujua. Mpaka mdudu wa ardhi akaila fimbo, akaanguka, ndipo wakatambua. Majini waliokuwa wakimtazama uso kwa uso hawakujua kuwa huyu ni maiti, na bundi wa mwembeni Konde ajue leo kwamba mtu fulani kesho atakufa baharini?

Bundi mwenyewe ametajwa kwa jina lake katika hadithi. "Laa adwaa, wa laa tiyara, wa laa haama, wa laa safar", yaani hakuna maambukizo, wala mkosi wa ndege, wala haama, wala Safar. Haama ni bundi. Waarabu wa ujahili walidai kwamba mtu akiuawa na damu yake isilipwe, roho yake hugeuka bundi akalia juu ya kaburi, "Ninywesheni!" Mtume (s.a.w.) akalifuta hilo kwa neno moja, na katika pumzi hiyo hiyo akaufuta mkosi wa mwezi wa Safar, ambao ndio huo Mfunguo Tano wa bibi yako. Bundi wako na mwezi wako vimeingia pamoja katika hadithi moja ya Bukhari na Muslim, miaka zaidi ya 1,400 kabla hujamsikia ndege wako. Ipo karatasi inayopitishwa mkono kwa mkono kwamba Jumatano ya mwisho ya Safar zinashuka bala 320,000. Haina isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya kusimama nayo mbele ya mtu yeyote. Wapo waandishi wa Sira wanaosema Mtume (s.a.w.) alitoka Makka kuhama siku za mwisho za Safar, safari ipi katika historia yetu ina baraka kuliko hiyo?

Watu wataniambia: "Sheikh, lakini tumeona. Bundi akilia, mtu hufa." Mmeona kwa sababu mlikuwa macho. Nyumba yenye mgonjwa mahututi taa haizimwi, watu hukesha, na kila sauti ya nje inasikika. Bundi yule alikuwa akilia usiku kucha mwezi mzima, lakini mlikuwa mmelala. Huyu anayeishi katika dari na mapaa ya nyumba kongwe amefuata panya, na ukelele wake wa kukwaruza ndio lugha yake, hana mwingine. Tena kwenu Pemba kuna bundi mdogo asiyepatikana popote duniani ila kisiwani humo, yuko msitu wa Ngezi, yuko na katika mashamba ya mikarafuu, na usiku huitana na mwenziwe. Kama mlio wa bundi ungalikuwa barua ya kifo, Pemba isingalibaki na mtu wa kuchuma karafuu. Imepokewa na Ikrima kwamba walikuwa wamekaa na Ibn Abbas, ndege akapita akilia, mtu mmoja akasema, "Kheri, kheri." Ibn Abbas akamwambia: si kheri, wala si shari.

Na sasa hadithi ya mwanamke. Ipo, binti yangu. Sitakudanganya kwamba haipo ili nikufurahishe. Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Ibn Umar kwa tamko la kwamba mkosi uko katika vitu vitatu: mwanamke, nyumba na farasi. Lakini mwalimu wenu amefunga kitabu mapema mno. Katika Bukhari hiyo hiyo, kutoka kwa Ibn Umar huyo huyo, na kutoka kwa Sahl bin Saad pia, limekuja tamko lenye sharti: ikiwa mkosi upo katika kitu chochote, basi ungalikuwa katika nyumba, mwanamke na farasi. "Ikiwa upo." Na Mtume (s.a.w.) amekwisha kusema haupo. Bibi Aisha (r.a.), alipofikishiwa hadithi hiyo kwa tamko la kwanza, alikasirika sana. Imam Ahmad amepokea kwamba aliapa kwa aliyeiteremsha Qur'ani kuwa Mtume hakusema hivyo; alichosema ni kwamba watu wa ujahili ndio waliokuwa wakisema. Kisha akasoma aya ya 22 ya Sura Al-Hadid: hausibu msiba katika ardhi wala katika nafsi zenu ila umo Kitabuni kabla hatujauumba.

Wapo wanachuoni waliolipokea tamko la kwanza kama lilivyo, ni haki kulisema. Lakini nao wameufasiri mkosi huo kwa tabia na dhiki: mke mwenye ulimi mbaya, nyumba finyu yenye jirani muovu, mnyama msumbufu, na wakaitegemeza kwa hadithi ya Saad bin Abi Waqqas iliyomo kwa Ibn Hibban, iliyowahesabu mke mwema, nyumba yenye wasaa, jirani mwema na kipando kizuri katika furaha ya mtu. Na aliyekwenda mbali zaidi kasema mtu akiichukia nyumba ahame, moyo wake upumue. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mwanamke ana nyota inayoua, achinjiwe kuku mweusi.

Lau mjane angalikuwa mkosi, Mtume wetu (s.a.w.) angaliwakimbia wajane, naye aliwaoa. Bibi Khadija alikwisha kuolewa na waume wawili kabla yake. Sawda alikuwa mjane. Hafsa alikuwa mjane. Ummu Salama alifiwa na Abu Salama akiwa na watoto wadogo kama wewe. Asma bint Umays alifiwa na Jaafar aliyeuawa Muta, akaolewa na Abubakar Siddiq, akafiwa naye, kisha akaolewa na Ali bin Abi Talib. Nani alimwambia Ali, "Tahadhari, huyo amekwisha zika wawili"? Na Atika bint Zayd alifiwa na mumewe, mtoto wa Abubakar, akaolewa na Umar akauawa, akaolewa na Zubair akauawa. Watu wa Madina walikuwa wakisema anayetaka kufa shahidi amuoe Atika. Mji ule ulimheshimu, haukumtafutia mganga. Hao ndio wakwe na mashemeji wa kuigwa.

Basi usizinguliwe. Usile kitu chao, usioge maji yao, usitoe fedha. Kisomo cha Qur'ani ukisome mwenyewe kwa mdomo wako, Al-Ikhlas, Al-Falaq na An-Nas asubuhi, jioni na unapolala, uwapulizie wanao. Hilo halihitaji kuku.

Nyumba usiihame. Furay'a bint Malik mumewe aliuawa, akaomba ruhusa arudi kwao, na Mtume (s.a.w.) akamwambia akae katika nyumba yake mpaka muda ufike; wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Eda yako ni miezi minne na siku 10. Katika eda unaacha manukato, wanja na mapambo, na hutoki bila haja. Kwenda hospitali ni haja, kwenda dukani usipokuwa na wa kumtuma ni haja. Kukaa kwenye chumba cha giza, kujificha usiuone mwezi, watu kukwepa njia wasikutane na kizuka, yaani mjane aliye edani, wakapata balaa, hayo ni mabaki ya ujahili; wanawake wa Kiarabu walifungiwa mwaka mzima katika kibanda kibovu na nguo mbovu, Uislamu ukaja ukawatoa.

Na niseme jambo ambalo hukuniuliza. Mara nyingi nimeona kisirani cha mjane kinagunduliwa mahali penye kiwanja. Mumeo aliacha nini? Nyumba, fungu lake la chombo, nyavu, mikarafuu? Baada ya gharama za maziko na madeni yake, wewe una thumni, moja ya nane, kwa nassi ya Sura An-Nisaa, aya ya 12, kwa kuwa ana watoto. Mavyaa wako ana sudusi yake, moja ya sita, hiyo ni haki yake na usimnyime. Kinachobaki ni cha watoto. Kama aliacha mtoto wa kiume, shemeji hana fungu lolote. Mtu asikutie saini wala kidole gumba katika karatasi yoyote ndani ya eda. Nenda kwa Kadhi, ama kaka yako akusimamie, mirathi ifunguliwe kisheria.

Shemeji naye nina neno lake, maana bado ana pumzi ya kwenda baharini. Jumatano ile mwezi ulikuwa umekwisha, ndiyo giza la dagaa, na giza hilo ndilo bamvua, maji yanakwenda kwa nguvu. Juu yake kusi inavuma. Kila mwisho wa mwezi, uwe Safar au uwe Ramadhani, vyombo vingi hutoka katika hali hiyo hiyo, na ajali zikitokea hutokea hapo. Je, chombo kilikuwa na maboya ya kuvaa? Mlisikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku ile? Injini ilifanyiwa lini matengenezo? Mkizingua mjane, maswali haya hayaulizwi, na bamvua lijalo watoka vijana wengine vile vile. Kuuacha upepo mkali upite si kuamini mkosi. Umar bin Al-Khattab alirudi njiani Sham kwa ajili ya tauni, akaulizwa, "Unakimbia qadari ya Mwenyezi Mungu?" Akajibu: tunakimbia kutoka qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda qadari ya Mwenyezi Mungu. Upepo ni sababu aliyoiumba Mola na tunaiona. Bundi hakuumbwa kuwa sababu ya kitu hicho.

Imebaki hofu yako ya bundi, ambayo najua haitatoka kwa kusoma jibu langu. Iliingia ukiwa na miaka minne, usiku, kutoka kwa mtu uliyempenda kuliko wote. Waarabu walikuwa wakiuogopa mwezi wa Shawwal kwa ndoa. Bibi Aisha, katika Muslim, alisema: Mtume alinioa Shawwal, na akanichukua nyumbani Shawwal, na ni mke gani aliyekuwa na hadhi kwake kuliko mimi? Kisha akapendelea wanawake wa kwao waingie kwa waume zao katika Shawwal. Hakutosheka na kusema haina ubaya, alikwenda akalifanya lile lile lililoogopwa, mwaka baada ya mwaka. Wewe fanya hivyo. Usiku ukiona uchafu, fagia. Chumvi ikiisha baada ya isha, tuma mtoto akanunue. Eda ikiisha na lipo la kheri la kuanza, lianze hata katika Mfunguo Tano. Bundi akilia, sema: "Allahumma laa khayra illaa khayruk, wa laa tayra illaa tayruk, wa laa ilaaha ghayruk", yaani hakuna kheri ila kheri Yako, hakuna ndege ila ndege Wako, wala hakuna mungu ila Wewe. Imam Ahmad ameipokea. Kisha rudi kwenye ulilokuwa ukilifanya, moyo uende mbio, usiende.

Wanao watauliza huyo ni nani analia. Waambie ni bundi, amefuata panya. Wakikuona umetetemeka, usiwadanganye kwamba hukuogopa. Waambie mama alifundishwa kuogopa alipokuwa mdogo, na anamuomba Mungu amwondoshee. Watacheka, na waache wacheke.

Jibu hili mpe kaka yako amsomee shemeji na mavyaa mbele ya imamu wa msikiti wenu. Mavyaa asisomewe kwa ukali, ni mama aliyemzika mwanawe, na mwenye uchungu huo hukamata chochote kinachompitia karibu. Kuhusu mwalimu, kama fedha zimekwisha kutolewa, zidaini zirudi, ni mali ya mayatima.

Wallahu aalam.